Umm Kulthum: Kutoka Kasida za Kijijini Hadi Gitaa la Umeme

Hapa Pwani hakuna mpenzi wa taarabu asiyelijua jina la Umm Kulthum. Hata hivyo, juzi barazani kulizuka ubishi. Mjomba wangu, mtu mzima aliyekulia kwenye santuri za Misri, alishikilia kwamba bibi huyo aliiharibu kazi yake mwenyewe mwaka 1964, alipokubali gitaa la umeme liingie katika "Inta Omri". Vijana walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa maana neno la mzee lina uzito na lastahili kujibiwa kwa adabu.

Kwanza tutazame alikotoka. Umm Kulthum alizaliwa kijiji cha Tamay az-Zahayra, katika delta ya mto Nile. Babake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti, na kwa kuwa pato lilikuwa dogo, aliimba kasida katika harusi na sherehe. Binti alisoma chuoni, akajua kuitamka Kurani sawasawa, na kasida akazidaka kwa kusikiliza babake akimfundisha kakake. Alipoanza kuimba hadharani alivishwa nguo za kiume, maana mzee aliona haya bintiye kusimama mbele za wanaume. Hapakuwa na udi wala fidla. Ilikuwa sauti tupu na waitikiaji.

Alipohamia Kairo katika miaka ya 1920, alisomeshwa na Sheikh Abu al-Ila Muhammad, fundi wa kuimba mashairi ya Kiarabu fasaha. Mwaka 1926 aliwaacha waitikiaji wa nyumbani akachukua wapigaji wa ala: ganuni, fidla, na udi wa Muhammad al-Qasabji. Hapo ndipo hoja ya mjomba inapopwaya. Badiliko kubwa lililitangulia gitaa kwa karibu miaka 40!

Tena, kwenda mbele hakukumsahaulisha nyuma. Mwaka 1946 aliimba kasida za Ahmad Shawqi zilizotiwa sauti na Riyad al-Sunbati. Mojawapo ni "Nahj al-Burda", iliyofuata nyayo za Burda ya al-Busiri, ile ile tunayoisoma huku kwetu pamoja na Hamziya. Mwana wa imamu alirudi kwenye sifa za Mtume, safari hii akiwa na kundi zima la ala nyuma yake.

Kisha ikaja 1964 na "Inta Omri" ya Muhammad Abdel Wahab. Nakubali jambo moja la mjomba: katika nyimbo hizo za baadaye ala hutangulia kwa muda mrefu, na nafasi ya mwimbaji kuzusha lake papo hapo ilipungua. Lakini sikiliza anapofungua kinywa. Mstari mmoja huurudia mara nyingi, na kila mara ana jipya la kumtoa msikilizaji kitini. Kila herufi hutoka mahali pake, kama alivyofunzwa chuoni. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1966, aliimba "al-Atlal", shairi la Kiarabu fasaha la Ibrahim Nagi lililotiwa sauti na al-Sunbati yule yule.

Alifariki tarehe 3 Februari 1975. Siku ya maziko umati wa Kairo ulilitwaa jeneza mabegani mwa wachukuzi, ukalipeleka msikiti wa Sayyidna Husein.

Nasi tuna ubishi wetu, wa kinanda cha umeme kuchukua mahali pa ganuni na udi katika taarabu. Kwa maoni yangu ala mpya si kosa. Kosa ni kuirukia ala mpya bila ya kupita kwa mwalimu, bila ya kujua bahari za mashairi wala matamshi. Umm Kulthum aliweza kubeba gitaa kwa sababu alikuwa tayari amebeba Burda.

Mjomba bado hajakubali. Lakini jana usiku, nilipopita dirishani kwake, niliisikia "Inta Omri" ikilia ndani kwa sauti ya chini.