Shahada na Tasnifu Yake
Wasikilizaji wetu wa Bariadi, mzazi auzaye pamba ili kumsomesha mwanawe ana haki ya kujua fedha zake zatenda kazi gani huko Dar es Salaam. Leo twapenda kulieleza jambo hilo.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake walisomea shahada za huko. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu chenye kujitegemea, lakini desturi ya kupanga shahada kwa madaraja ilibaki. Wastani wa alama huhesabiwa hadi 5.0. Afikaye 4.4 hupata daraja la kwanza, kuanzia 3.5 ni la pili la juu, kuanzia 2.7 ni la pili la chini.

Katika masomo mengi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya utafiti na kuuandikia tasnifu. Kazi hii si kunakili vitabu. Huchagua swali moja, kwa mfano, kwa nini mashamba mawili ya pamba yaliyopakana hayatoi mavuno sawa. Kisha hupima, huuliza, na kuandika aliyoyaona, akiongozwa na mwalimu wake.

Basi, mwana akirudi na daftari badala ya jembe, msimdhanie mvivu. Mjibuni kweli, hata pale mlipokosea ninyi wenyewe. Kwa maana jibu la kumpendeza tu halimfai yeye, wala halilifai shamba.