Kilti Huanzia Juu ya Kitovu

Mtu akinijia akitaka kilti, lile vazi la marinda la Waskoti, ya kuvaa kazini, sokoni na kwenye basi, habari za rangi naziweka kando. Namwomba asimame wima, ainue fulana, nami nazungusha futi juu ya kitovu, pale kiuno kinapojikunja akiinamia upande. Wengi hushangaa. Wamezoea namba iliyoandikwa kwenye suruali zao, 32 au 34, na suruali za siku hizi huvaliwa chini, kwenye mifupa ya nyonga. Kilti ya Waskoti hukaa juu zaidi. Kipimo cha hapa na cha pale huachana kwa inchi mbili tatu, na wanaolalamika kwamba kilti inawabana tumbo au inawateremka njiani, mara nyingi wameinunua kwa namba ya suruali.

Cherehani nilijifunza Tanga, kwenye kanzu, mashati na sare za shule. Sasa naishi Edinburgh, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupunguza, kupanua na kufumua kilti zilizoshonwa na wengine. Nyingi zimepita mikononi mwangu, nami mwenyewe huvaa kilti kazini, kwa hiyo jambo hili nalisema kwa uhakika: raha ya vazi hili haitokani na wepesi. Mgeni hudhani nyepesi ndiyo ya kila siku, nzito ni ya harusi. Mimi humshauri kinyume chake.

Kitambaa chenyewe ni tartani, sufu iliyofumwa kwa mistari ya rangi inayokatizana. Wafumaji hukitaja kwa uzito wa yadi moja. Cha wakia 10 au 11, yaani gramu 300 hivi, ni chepesi. Cha wakia 13 ni cha wastani, kama gramu 370. Cha wakia 16, gramu 450, ni kizito, na kilti nzima ya kitambaa hicho hukaribia kilo mbili. Edinburgh ni mji wa upepo unaopanda kutoka baharini. Aliyevaa kilti nyepesi hutembea mkono mmoja ukiwa nyuma kuzuia marinda yasipeperuke, na akikaa saa moja ofisini huinuka yamekunjamana. Kitambaa kizito huning'inia kwa uzito wake, na ukisimama marinda hurudi mahali pake. Usiogope joto: hewa inapita chini, na sufu hufyonza unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Kwa siku za kawaida nachagua wakia 13. Anayefanya kazi nje, kwenye mvua na upepo, namshauri 16 bila kusita.

Kilti ya sherehe huchukua yadi 8, zaidi ya mita 7, na karibu kitambaa chote hicho huishia nyuma, kwenye marinda. Ndiyo maana hupendeza mtu anapotembea, na ndiyo maana kwenye kiti cha basi huhisi kama umekalia blanketi lililokunjwa. Ya kila siku inatosha yadi 5. Marinda yanapungua, unakaa vizuri, na kwa mbele hakuna atakayeona tofauti.

Kabla ya kuuliza bei, igeuze ndani nje. Marinda hushonwa kuanzia kiunoni hadi nyonga, kisha huachwa huru. Kwenye sehemu hiyo iliyoshonwa, fundi mzuri hukata kitambaa cha ziada kilichojificha ndani ya kila rinda ili kiuno kisivimbe, halafu hushikiza kitambaa kigumu kinachopokea mvuto wa mikanda, na juu yake huweka bitana ya pamba. Kitambaa hicho kigumu hakionekani na mtu, lakini bila hicho kila unapofunga bizimu unayavuta marinda yenyewe, na baada ya muda yanaanza kupanuka na kupoteza mstari. Kazi hii ikifanywa kwa mkono huchukua siku kadhaa. Nikiiona imefanywa vizuri huiheshimu, hata kama aliyeifanya simjui.

Kijana mmoja wa Unguja, mwanafunzi hapa, aliniamkia shikamoo, akajaribu kilti mbele ya kioo, akaniuliza, "Mjomba, si kikoi tu hiki?" Nikamwambia ni ndugu yake, mwanangu, na aliyekulia kwenye kikoi hana cha kuionea aibu kilti. Ila kikoi ukishiba unakilegeza na kukifunga upya. Kilti ina mikanda na matundu yake, kwa kawaida mkanda mmoja kushoto na miwili kulia. Ya juu, ya kiunoni, ndiyo inayobeba vazi, basi ikaze. Ule wa chini, wa nyongani, hufungwa kwa ulegevu kidogo. Ukiukaza, marinda ya nyuma yanafunguka na kila hatua inakuwa ya kubanwa.

Urefu ndio unaohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu kilti ya sufu haina upindo. Chini huachwa ukingo uleule aliouacha mfumaji, na ukiukata umeiharibu. Kipimo cha zamani ni kupiga magoti: ncha ya chini ikaribie sakafu bila kuigusa. Kwa kuvaa kila siku napenda iishie kwenye ncha ya juu ya pia ya goti. Ikishuka zaidi, siku ya mvua ukingo uliolowa hukwaruza nyuma ya magoti. Wanajeshi wa Uskoti katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliyajua hayo vizuri: kilti zao zilijaa tope kwenye mahandaki, zikaganda kwa baridi na kuwachana ngozi.

Si lazima iwe sufu. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2000 kampuni ya Utilikilts ilianza kushona kilti za kitambaa kigumu cha pamba zenye mifuko mikubwa, na hapa Edinburgh Howie Nicholsby amejulikana kwa kilti za jinzi na za ngozi. Fundi umeme au seremala anayehitaji mifuko atafaidika na za namna hiyo. Mchanganyiko wa poliesta na viskosi nao naukubali, hasa kwa mpishi au mzazi wa watoto wadogo, kwa kuwa unaingia kwenye mashine ya kufulia na marinda hubaki. Ninayoikataa ni ile ya akriliki inayouzwa kwa watalii. Inatoa vidonge vya nyuzi, inanata mwilini, na pasi haiishiki.

Watu huniuliza kama ni halali kuvaa tartani ya ukoo usio wako. Sheria iliyowahi kukataza mavazi haya ilikuwa ya serikali ya Uingereza, iliyopitishwa 1746 baada ya uasi wa Wajakobiti huko Uskoti, na ikafutwa 1782. Leo liko Daftari la Tartani la Uskoti, lililofunguliwa 2009, linalohifadhi michoro na majina yake, lakini hakuna anayekuzuia barabarani. Anayesita achague Black Watch, ya kijani kibichi, buluu na nyeusi. Inafaa kwa kila mtu na inaficha uchafu vizuri sana.

Ya kuambatana nayo ni machache. Sporani, kile kifuko cha mbele, chukua ya ngozi tupu yenye mkanda wa ngozi. Mnyororo unasugua kitambaa hadi kinachakaa. Pini ipite tabaka la juu peke yake, la sivyo utalichana la chini. Chupi vaa, kwa ajili ya usafi na kwa ajili ya wanaokaa mkabala nawe. Unapokaa, pitisha kiganja nyuma ulaze marinda kwanza.

Bei ya kilti mpya ya sufu ni kubwa, kwa hiyo wengi nawaelekeza kwenye mitumba, na sioni aibu yoyote kwa hilo, maana sufu nzuri huishi kuliko mnunuzi wake wa kwanza. Ishike kwenye mwanga utafute matundu ya nondo, hasa ndani ya marinda. Kiuno kikizidi au kupungua inchi moja au mbili nitakuhamishia bizimu na mikanda. Bitana iliyochanika nitaibadilisha. Lakini kama ni ndefu mno, au kama marinda yameanza kufunguka juu ya nyonga zako au chini sana yake, irudishe kwenye henga. Ilishonwa kwa mwili mwingine.