Folda ya Pamoja Baada ya Seva Kufa

Miongoni mwa wenye magereji na maduka ya spea wa hapa Gatsata, waliokwisha kununua seva mbili ili moja ikifa ya pili ishike zamu, swali ninaloletewa ni lile lile: mbona seva moja ilizimika, tukapiga pingi, jawabu likaja, ilhali orodha ya bidhaa iliyomo katika folda ya pamoja haikufunguka? Swali hili limepinda tangu msingi wake.

Pingi, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983, ilikusudiwa kutambua kama anwani fulani inafikika mtandaoni, wala haina habari yoyote ya mafaili. Seva ya kwanza inapokata roho, anwani ya huduma huhamia kwa ile iliyosalia, nayo huweza kujibu pingi papo hapo, kabla diski haijapachikwa, kabla huduma ya mafaili haijaamka, na kabla kufuli zilizoshikwa na watumiaji wa awali hazijarithiwa wala kufunguliwa. Jawabu hilo basi ni ithibati ya kuwapo mashine hai yenye anwani ile. Zaidi ya hapo ni dhana tupu. Tena yamkini ikawa kinyume chake, pingi ikazuiwa njiani na hali mlango namba 445, upitishao mafaili ya Windows, u wazi na kazi inaendelea. Kipimo kiwezacho kutangaza uhai palipo mauti, na mauti palipo uhai, ni batili, nami nimechoka kuona mafundi waliolipwa fedha za watu wakikabidhi kazi kwa kipimo hicho.

Nduguye dhana hii ni kuizima seva kwa taratibu, kisha kushangilia kwamba folda imehama salama. Seva izimwayo kwa taratibu huandika diskini yaliyobaki katika kumbukumbu na kumkabidhi mwenziwe kazi. Iliyokatikiwa umeme haimuagi mtu. Hakuna fundi mwaminifu wa Gatsata anayethibitisha breki kwa kukanyaga pedeli gari likiwa limesimama ndani ya gereji.

Jaribio la haki ni hili. Kompyuta moja ifungue faili kwa jina la folda walitumialo wafanyakazi, si kwa namba ya anwani, iandike mstari kila sekunde wenye namba na saa, ikingoja kila mara kukiriwa kwamba umefika diskini. Ya pili ishike faili lenye kufuli. Ng'oa waya wa umeme wa seva iliyo kazini. Hesabu muda wa ukimya. Ingiza kompyuta ya tatu upya. Kisha kagua kama kila mstari uliokiriwa upo. Usishtuke upesi: itifaki ya mafaili NFS toleo la 4 juu ya Linux kwa kawaida huwapa wateja wa awali, yaani kompyuta zilizokuwa zimeungwa, hadi sekunde 90 wadai kufuli zao, na itifaki mwenziwe SMB 3.0, iliyokuja na Windows Server 2012, huendeleza faili lililo wazi pale tu folda na mteja wote wawili wanapoiwezesha sifa hiyo. Rudia kwa kung'oa waya wa mtandao peke yake, maana seva mbili zisizoonana, pasipo shahidi wa tatu, huweza kudhaniana maiti, zikaiandikia diski moja na kuiharibu. Mwisho irejeshe iliyokufa, kwani marejeo nayo huweza kukatiza kazi.

Fanyeni haya maduka yakiwa yamefungwa, nakala ya akiba ikiwa nje ya seva zote mbili, na aliyewauzia mtambo akiwapo. Akikataa waya ung'olewe mbele yake, msimtilie saini.