Maendeleo Yasiyoendelea

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, serikali za kaunti hutakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 kuwasilisha makadirio ya mapato na matumizi mbele ya mabunge yao. Hapo ndipo mabishano huanza: ni wadi ipi iliyopata barabara, ni ipi iliyonyimwa, na ni nani wa kujengewa zahanati. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo gumu zaidi: zahanati hiyo ikiisha kujengwa, ni nani atakayehudumu ndani yake?

Swali hili lina uzito mkubwa kwa mkazi wa Nairobi. Tangu mwaka wa 2013, serikali ya kaunti ilipotwaa nafasi ya lililokuwa Baraza la Jiji, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa huduma za kila siku. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi zahanati na vituo vya afya, ambulensi, kikosi cha zimamoto, taa za barabarani, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Haya si mambo ya anasa. Ndiyo yanayoamua iwapo mama wa Mathare atajifungua salama, na iwapo moto uliozuka Mukuru utazimwa kabla ya kuteketeza safu nzima ya nyumba za mabati.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Makadirio ya kaunti hugawa fedha mafungu mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Ujenzi wa zahanati huitwa maendeleo. Mshahara wa muuguzi na dawa za kabatini huitwa matumizi ya kawaida. Kadhalika, gari jipya la zimamoto huhesabiwa kuwa maendeleo, ilhali mafuta ya kuliendesha na ujira wa wazimamoto ni mambo ya kawaida tu.

Sheria nayo imeyapa maneno haya nguvu. Inaagiza kwamba, kwa kipindi cha miaka kadhaa, angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni za mwaka wa 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ikumbukwe kuwa sheria hii haikutungwa bila hekima. Bila kizuizi, mishahara ya maafisa na marupurupu yao yangeweza kumeza hazina nzima, mwananchi akabaki mikono mitupu. Hata hivyo, mizani hii haimtofautishi karani asiye na kazi na mkunga anayekesha. Wote wawili ni matumizi ya kawaida. Isitoshe, ukuta hufunguliwa kwa utepe na hotuba, lakini sijapata kusikia utepe ukikatwa kwa sababu muuguzi amelipwa mwisho wa mwezi.

Mwanafunzi wa isimu hawezi kulipita jambo hili bila kutabasamu. Neno maendeleo limetokana na kitenzi kuendelea, ambacho nacho kina mzizi wake katika kwenda. Kiendeleacho ni kile kisichosimama. Basi zahanati iliyofungwa kwa kukosa muuguzi haijaendelea, hata ikiwa rangi yake bado yang'aa. Nalo neno kawaida asili yake ni Kiarabu, na huko hubeba maana ya kanuni na pia ya msingi wa jengo. Yaani lile fungu tunalolidharau ndilo linaloitwa msingi, na lile tunalolishangilia halistahili jina lake pasipo hilo la kwanza. Lugha yetu inajua jambo ambalo vitabu vyetu vya hesabu vimelisahau.

Mfano ulio bayana ni wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000 kote nchini, kwa mapatano kwamba itamlipa kila mmoja shilingi 2,500 kwa mwezi, nayo kaunti imwongezee 2,500 nyingine. Mhudumu huyu hupita nyumba hadi nyumba, akapima shinikizo la damu, akamtambua mtoto mwenye utapiamlo, akamshauri mjamzito aende kliniki mapema. Hajengi chochote cha kupigwa picha. Ujira wake ukichelewa, hakuna jengo litakaloporomoka barabarani ili watu wakusanyike na kulalamika. Ugonjwa utaendelea kimyakimya.

Tufanye nini basi? Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika mambo ya fedha. Kifungu cha 7 nacho kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Makadirio yaliyochapishwa kwa Kiingereza cha wahasibu hayamshirikishi mwuza mboga wa Kayole, hata akialikwa mkutanoni na kupewa kiti. Kaunti na ichapishe kwa Kiswahili sanifu muhtasari wa kila wadi katika wadi zake 85, na kando ya kila jengo linalopendekezwa ieleze gharama ya kuliendesha kila mwaka: wafanyakazi wangapi, dawa kiasi gani, maji na umeme vitalipwa na nani.

Walimu nao wana nafasi yao. Ukurasa mmoja wa makadirio ya kaunti ni kifungu cha ufahamu kilicho bora kuliko vingi tunavyovitumia darasani. Wanafunzi na wakifasiri, wakikokotoe, kisha wakipeleke kwa wazazi wao kabla ya mkutano wa wadi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili asiyeuliza hana pia zahanati ya kutibiwa.