Mateso si hukumu: Imani ya Kikristo na Ukimwi Iringa na Mbeya

UTAFITI wa viashiria vya Ukimwi wa mwaka 2003-04 uliutaja Mkoa wa Mbeya kuwa wa kwanza Tanzania Bara kwa maambukizi, asilimia 13.5 ya watu wazima, ukifuatiwa na Iringa, asilimia 13.4. Mwaka 2007-08 Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, ilifikia asilimia 15.7.

Katika miaka hiyo ya misiba mfululizo, waumini waliuliza swali moja: marehemu alikosa nini? Baadhi ya wahubiri walijibu haraka kuwa ugonjwa ni adhabu ya uzinzi. Jibu hilo lilimwangukia hata mjane aliyeambukizwa ndani ya ndoa, na mtoto aliyezaliwa na virusi.

Maandiko hayaungi mkono hukumu hiyo. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki zake walikaa naye chini kimya siku saba, wakafanya vyema. Walipofungua vinywa na kumtafutia kosa ndipo walipopotoka, na mwishoni Mungu anawakemea wao. Katika Yohana sura ya 9, Yesu anakataa kuwa upofu wa mtu aliyezaliwa kipofu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake.

Wala Ukristo haumtaki anayeteseka ajifanye hana maumivu. Zaburi nyingi ni maombolezo, na Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.

Hatari ya pili ni ahadi ya uponyaji wa papo kwa papo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Baadhi yao waliacha dawa za kupunguza makali. Inashangaza jinsi mimbari zetu zinavyomsahau Paulo, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba wake, naye hakuondolewa.

Makanisa hayo hayo yana hospitali Nyanda za Juu Kusini, zikiwemo Ilembula ya Walutheri na Ikonda ya Wakatoliki, ambako sala na tiba havijawahi kugombana. Anayeamini ameponywa anaweza kumshukuru Mungu, lakini asiache vidonge bila ushauri wa daktari: virusi vilivyokuwa vimedhibitiwa huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache.