Msitu wa Wote na Hati ya Wote

Asafiriye kutoka Bunia kwenda Komanda kwa njia ya Irumu huona nchi ikigeuka mbele ya macho yake. Vilima vya majani na ng'ombe hubaki nyuma, miti huanza kusimama karibu karibu, hata mwisho mtu yumo ndani ya msitu mkuu wa Ituri. Lakini msafiri huyo huyo hupishana na malori yaliyobeba mbao na magunia ya makaa, mengine yakiishia Bunia, mengine yakiendelea hata Uganda. Miti hiyo ilikuwa ya nani? Nani aliyekubali ikatwe, na bei yake imeingia mfuko gani?

Swali hili lina majibu mawili, na hapo ndipo penye taabu. Kwa desturi ya wazee, msitu ni mali ya ukoo. Mipaka yake ni kijito, kilima, au mti mkubwa unaojulikana kwa jina. Na ukoo si walio hai peke yao, bali pia waliozikwa humo na watakaozaliwa. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Sheria hiyo iliahidi kwamba haki za wenyeji zingepangwa kwa amri ya Rais, nayo miaka mingi ikapita pasipo amri hiyo kutoka.

Katikati ya majibu hayo mawili hupita mwenye msumeno wa mashine. Humwendea mzee mmoja mwenye shida, ambaye mtoto wake anadaiwa karo au mkewe yu hospitali, humpa fedha kidogo, naye mzee hukubali. Amepokea bei ya mti mmoja. Lakini njia iliyofunguliwa ili kuutoa mti huo huwaleta wengine, na hao hawamwulizi mzee neno.

Ipo njia ya halali ya kuzuia jambo hili, ingawa wachache katika parokia zetu wamepata kuisikia. Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002, katika kifungu chake cha 22, iliruhusu jumuiya ya wenyeji kuomba msitu walio nao kwa desturi uandikwe kwa jina lao wote pamoja. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza jinsi ya kuomba. Msitu huo waweza kufikia hekta 50,000. Hutolewa bure, tena hutolewa kwa daima, si kwa miaka 25 kama ilivyo kwa makampuni ya mbao. Hati hutiwa sahihi na Gavana wa Jimbo. Wala wenyeji hawalazimishwi kukata hata mti mmoja: waweza kutenga sehemu ya kulima, sehemu ya kuchuma asali na majani ya mangongo, na sehemu isiyoguswa kabisa.

Agizo la Waziri la Februari 2016 likataka viwepo vyombo vinne: mkutano mkuu wa jumuiya, kamati ya uongozi, kamati ya ukaguzi, na baraza la wazee. Wengine huona kwamba vinne ni vingi mno kwa vijiji vyetu. Mimi naona kamati ya ukaguzi ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana twajua sote jinsi mali ya wengi inavyoyeyuka pale ambapo mshika fedha ndiye pia mwenye kuzihesabu.

Wazo la watu kushika ardhi pamoja kwa ajili ya wajukuu si geni duniani. Huko Uingereza mwaka 1895 watu watatu, Bibi Octavia Hill, mwanasheria Robert Hunter, na mchungaji wa Kianglikana Hardwicke Rawnsley, walianzisha chama cha amana cha kutunza mahali penye uzuri wa asili. Mwaka 1907 Bunge likakipa uwezo wa kutamka kwamba ardhi yake haiuzwi. Karibu nasi zaidi, nchini Tanzania, upo msitu wa Duru-Haitemba katika wilaya ya Babati, wenye hekta 9,000 hivi. Serikali ilipotaka kuufanya hifadhi yake, wanavijiji walihofu kunyang'anywa, nao wakazidi kuukata kabla haujachukuliwa. Ndipo, kuanzia mwaka 1994, vijiji vinane vilivyouzunguka vikakabidhiwa kila kimoja sehemu yake. Vikajiwekea sheria ndogo na walinzi wao wenyewe, na ukataji ukapungua.

Sisi tuna kitu cha kutunza kupita hao wote. Okapi, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu, ni mnyama wa Kongo peke yake. Hifadhi ya Okapi, yenye makao yake Epulu, iliundwa mwaka 1992 na kuandikwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1996. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha waliivamia Epulu, wakaua watu kadhaa, walinzi wakiwamo, na okapi 14 wakafa. Mlinzi wa Serikali peke yake hatoshi, hata awe shujaa. Na katika Irumu yetu kuna Mlima Hoyo na mapango yake. Katika pango la Matupi mwanaakiolojia wa Kibelgiji, Van Noten, alichimba zana za mawe zenye umri upatao miaka 40,000. Mlima Hoyo ni hifadhi ya Serikali, hauombwi na ukoo wowote. Yaombwayo ni misitu iliyobaki nje ya hifadhi, nayo ndiyo inayokwisha kwanza.

Najua neno litakalosemwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waumini wapatao 40 waliuawa Komanda, katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, walipokuwa wamekusanyika kusali. Je, watu wanaolia wafu wao wataambiwa habari za miti? Siwezi kulipuuza swali hilo, wala sishauri mtu yeyote atumwe kupima mipaka mahali ambapo wenye silaha wamejificha. Lakini aliyekimbia makazi yake atataka kurudi siku moja. Akiwa hana karatasi, huenda akamkuta mwingine amekwisha kupanda kakao penye makaburi ya babu zake, na ugomvi mpya ukaanza. Palipo salama, basi, kazi ianze sasa.

Wambuti nao waitwe tangu mkutano wa kwanza. Wao ndio wanaoujua msitu kuliko sisi sote, lakini mara nyingi huitwa tu kubeba mizigo ya wapimaji. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imelinda haki zao. Majina yao yaandikwe katika orodha ya wenye msitu.

Hati ni bure, lakini kuifuata si bure. Kuna ramani ya kuchora, safari za Bunia, nakala za kutoa, na chakula cha wanaotembea mipakani kwa siku nyingi. Hapo ndipo mashirika ya Kikristo yawezapo kusaidia kwa mchango mdogo wa kila mwezi. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu sote, na nyumba haitunzwi kwa sala peke yake. Ila nasihi jambo moja: paroko asifanywe mtunza fedha. Jumuiya ichague mtu wake, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Wanafunzi nao wana kazi, tena ambayo wakubwa wengi hawaiwezi. Waende kwa wazee na daftari, waandike kwa Kilese au Kibira jina la kila kijito, kila kilima na kila mti wa mpaka, pamoja na jina la mzee aliyesema na tarehe. Mpimaji ajapo, atahitaji majina hayo kabla ya chombo chake. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili kwa wazee, na ya tatu iwekwe katika faili ya maombi.