Risasi Rahisi na Hesabu Yake



Katika lugha yetu neno "risasi" hubeba maana mbili. Kwanza ni yale madini mazito ya kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Pili ni kile kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki kikaenda kupiga shabaha. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao pia madini na kitu kipigwacho huitwa kwa jina moja. Hapakuwa na haja ya majina mawili, kwani kwa karne nyingi aliyetaka risasi ya kupiga alianza kwa kuyeyusha risasi ya kumimina.

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya watu wanaojaza upya maganda ya bastola, na namna wanavyochagua risasi za bei nafuu. Msomaji wa hapa Ansab aweza kuuliza jambo hilo latuhusu nini. Latuhusu kwa njia tatu. Baadhi yetu tuna jamaa Marekani, ambako kupiga shabaha ni mchezo wa kawaida na wengi hujaza maganda yao wenyewe. Barua na simu zao hutuletea habari hizo. Vijana wetu nao waonapo bunduki za kale zikiuzwa Mutrah na Nizwa huuliza zilikuwa zikilishwa nini. La tatu ndilo kubwa: risasi huyeyushwa majumbani hata pasipo bunduki, na moshi wake haubagui nyumba.

VITU VINNE NDANI YA KIMOJA

Kile tunachokiita risasi kwa ujumla ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna ganda, ambalo aghalabu ni la shaba ya manjano. Kuna fataki, iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, ambayo hulipuka ikigongwa. Kuna baruti, inayowashwa na fataki. Na juu yake kuna risasi yenyewe, iliyobanwa mdomoni mwa ganda.

Ikishapigwa, baruti imeungua, fataki imekwisha na risasi imekwenda zake. Ganda ndilo libakialo, nalo ni kazi ya kiwanda, ghali kulitengeneza. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kulijaza upya. Ganda la bastola likitunzwa hutumika mara nyingi hadi lipasuke mdomo. Kinachonunuliwa kila mara ni fataki, baruti na risasi. Na kwa kuwa baruti ya bastola ya kawaida ya milimita 9 haifiki hata nusu gramu kwa mpigo mmoja, gharama kubwa huangukia risasi. Ndiyo maana mwenye kutafuta nafuu huanza kuitafuta hapo.

HESABU YA WAZEE

Hesabu hii si ya jana. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, karne ya kumi na tisa, baruti na bunduki ziliteremshwa Unguja pamoja na nguo za merikani, zikaingia bara na misafara. Mwenye gobore alishindilia baruti kwa mdeki, kisha akatia risasi aliyoisubu mwenyewe katika kalibu. Madini yakikosekana, wengine walitia vipande vya chuma au vijiwe. Vitu hivyo vilikuwa rahisi kweli, lakini viliuchakaza mtutu na havikwenda vilikoelekezwa.

Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Yaliyoachwa kwa masharti yalikuwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida. Maskat haikuwa ndani ya mipaka hiyo. Katika miaka iliyofuata mji huu ukawa soko kubwa la silaha katika Ghuba. Bunduki zikashushwa kutoka Ulaya, zikavushwa hadi Makran, Uajemi na Afghanistan. Biashara hiyo ilikuja kubanwa mwaka 1912, Sultan Faisal bin Turki alipoweka bohari moja ambamo silaha zote ziingiazo zilihifadhiwa na kutolewa kwa ruhusa tu.

Miongoni mwa bunduki zilizobaki mikononi mwa watu ilikuwa Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliianza mwaka 1871. Waingereza wenyewe walianza kuiacha mwaka 1888, lakini Uarabuni iliendelea kubebwa begani kwa miongo mingi. Sababu moja ni hesabu ya nafuu. Risasi yake ilikuwa ya madini laini yaliyochanganywa na bati kidogo, bila koti la madini mengine, na baruti yake ilikuwa ile nyeusi ambayo mafundi wa kienyeji waliifahamu. Kwa hiyo mtu mwenye kalibu, jiko la makaa na ganda zima la shaba aliweza kuilisha bunduki yake bila kusubiri meli. Uzito wa risasi moja ulikuwa kama gramu 31. Kilo moja ya madini ilitoa risasi 32 tu. Mtu wa namna hiyo hakupiga ovyo.

Bunduki zilizofuata zilikuwa na baruti mpya isiyotoa moshi na risasi yenye kasi kubwa. Madini laini hayakuistahimili kasi ile. Yalikwaruzwa na kuganda ndani ya mtutu. Ikabidi risasi ivalishwe koti la madini magumu zaidi. Tangu hapo risasi ikawa kitu cha kununua dukani, na swali la bei likabadilika sura.

UCHAGUZI WA LEO

Mjazaji wa bastola wa leo ana aina nne mbele yake, na bei zake kwa kawaida hupanda kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni risasi tupu iliyosubiwa, ngumu kidogo kwa kuchanganywa na madini mengine. Ndiyo rahisi kuliko zote, hasa kwa anayesubu mwenyewe. Ila huacha utando ndani ya mtutu ikiwa laini mno au ikiwa haulingani na kipimo cha mtutu, na wako watengenezaji wa bastola wanaoikataza kabisa. Anayetaka kuitumia asome kwanza kijitabu cha bastola yake.

Ya pili ni risasi ile ile iliyopakwa rangi ngumu kama ya plastiki. Bei yake haiko mbali na ya kwanza, mtutu hubaki safi, na mikono haishiki madini moja kwa moja. Kwa wengi hii ndiyo nafuu ya kweli.

Ya tatu imepakwa shaba nyekundu kwa umeme. Ni safi zaidi, lakini ngozi yake ni nyembamba na haipendi kasi kubwa.

Ya nne ina koti kamili la shaba lililotengenezwa kiwandani. Ni ghali, nayo huvumilia mengi.

Baada ya aina huja uzito. Risasi za milimita 9 huuzwa zaidi katika mizani tatu: gramu 7.5, gramu 8 na gramu 9.5. Tukipiga hesabu, kilo moja ya madini hutoa kama 133 za uzito wa kwanza, 125 za wa pili na 105 za wa tatu. Kwa sababu hiyo nyepesi aghalabu huwa rahisi zaidi. Hata hivyo bei ya moja moja si hesabu yote. Wenye uzoefu hununua mia moja za kujaribia kabla ya kununua elfu. Hugawana na wenzao gharama ya kusafirisha mzigo huo mzito. Na risasi isiyolenga vizuri huihesabu kuwa ghali hata ingeuzwa nusu bei. Kipimo cha baruti hakibuniwi wala hakiulizwi kwa jirani: hufuatwa kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa risasi ya aina ile ile na uzito ule ule. Anayebadili risasi kwa ajili ya bei hurudi kitabuni upya. Bastola zilizopasuka mikononi mwa watu ni hasara isiyolipwa na nafuu yoyote.

HESABU ISIYOANDIKWA DUKANI

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Madini ya risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, ambalo jiko la kawaida hulifikia bila shida. Urahisi huo ndio uliowafaa wazee, na ndio hatari yake. Vumbi lake na moshi wake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono iliyogusa chakula. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo aweza kufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Huharibu ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Tunao mfano kutoka pwani yetu wenyewe. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Bibi Phyllis Omido alifanya kazi ofisini humo, si kwenye tanuri. Hata hivyo mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mama huyu aliongoza wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Fedha zaweza kulipwa. Akili ya mtoto hairudishwi na hakimu.

Huenda hakuna nyumba hapa Ansab inayosubu risasi za bastola. Lakini chubwi za mishipi na nyavu ni risasi ile ile, na betri kuukuu ndiyo madini ya bure yaliyo karibu. Mvuvi anayeyeyusha chubwi zake nyuma ya jiko siku ya Ijumaa, watoto wakicheza kando, anafanya kazi ile ile ya kalibu. Kwa hiyo twawasihi wenzetu: chubwi zinunuliwe tayari dukani. Betri isivunjwe nyumbani kwa hali yoyote. Sufuria iliyowahi kuyeyushia risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa ikang'aa. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na za watoto. Vumbi lake lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Mwenye wasiwasi na amwombe daktari kipimo cha damu. Ni kipimo cha kawaida, na jibu lake hutuliza moyo au huokoa mtoto.

SHERIA YA NCHI TULIYOMO

Hapa Oman silaha na risasi zinaongozwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1990, na kibali hutolewa na polisi. Mambo yanayofanywa mezani gereji kule Marekani hayaletwi hapa. Jamaa akitaka kukuletea zawadi ya fataki, baruti au risasi, hata za mfano, mwambie asifanye hivyo. Hata ganda tupu lililotengenezwa kishikio cha funguo laweza kukuchelewesha saa nyingi uwanja wa ndege, na mgeni hana jamaa mlangoni wa kumsemea. Kenya na Tanzania nazo zina sheria zao kali za silaha, hivyo tahadhari ni ile ile unaporudi nyumbani.

Ikitokea ukakuta risasi za kale katika sanduku la marehemu au katika nyumba uliyohamia, usizifungue kutafuta shaba, usizichome, wala usizitupe jaani. Baruti ya zamani haitabiriki. Ziache zilipo, waondoe watoto, uwaarifu polisi kwa namba 9999.

RISASI YA NUSU GRAMU

Kwa kijana aliyevutwa na mchezo wenyewe, iko njia iliyo nafuu kuliko zote tulizozitaja. Bastola ya upepo ya mita 10 haina baruti, fataki wala ganda. Risasi yake ina upana wa milimita 4.5 na uzito wa kama nusu gramu. Kilo moja ya madini hutoa kama elfu mbili. Mchezo huo umo katika Olimpiki tangu mwaka 1988. Oman, ambayo ilipeleka wapiga shabaha katika Olimpiki yake ya kwanza mwaka 1984, iliwakilishwa na binti Wadha Al-Balushi katika bastola ya upepo huko Rio de Janeiro mwaka 2016. Hata risasi hiyo ndogo hupigwa klabuni, chini ya mwalimu na kwa kibali. Na mikono huoshwa baadaye, kwani nusu gramu nayo ni risasi.

Wazee walijua bei ya kila risasi kwa sababu waliisubu kwa mikono yao. Hawakujua kilichobaki hewani jiko lilipozimwa. Sisi tunajua, basi tunapotafuta rahisi, tuanze kuhesabu tangu hapo.